Kaseti ya Gemu Isiyojulikana Ilikotoka: Usiiamini Lebo, Fungua Ubao

Kwenye meza za mitumba ya vifaa vya umeme, chini ya rimoti na chaja zilizofungwa mafungu, bado utaikuta: kaseti ya plastiki ya njano, ukubwa wa kiganja, yenye picha ya Mario na maandishi "9999999 in 1". Tuliokulia miaka ya tisini tunaijua. Ni ya zile TV gemu zilizouzwa kwa majina chungu nzima, ilhali ndani zote zilikuwa nakala za mashine moja: Family Computer ya Nintendo, au Famicom kwa kifupi, iliyoanza kuuzwa Japani Julai 1983. Nilinunua moja majuzi. Kila niliyemwonyesha na kumuuliza ni kaseti gani na imetoka wapi alikuwa na jibu lake, tena la uhakika, na karibu kila jibu lilikuwa na kasoro. Nimeona niyaandike, maana kaseti hizi zinatupwa jalalani kwa sababu ya maneno hayohayo.

"Si usome lebo tu?"

Lebo ndiyo shahidi mbaya kuliko wote. Aliyechapa lebo mara nyingi hakuwa aliyetengeneza ubao wa saketi ulio ndani, na picha ilichaguliwa kwa kuvutia macho ya mtoto. Gamba moja la plastiki lilibeba gemu yoyote iliyokuwepo kiwandani siku hiyo.

Hata ukiiwasha, skrini ya kwanza nayo inaweza kukudanganya. Mfano unaojulikana sana ni gemu iitwayo "7 Grand Dad". Mbele yako yuko Mario, lakini mwili si wake. Ni gemu ya The Flintstones ya kampuni ya Taito, iliyochakachuliwa: kichwa cha Mario kimepachikwa juu ya mwili wa Fred Flintstone na jina limebadilishwa. Kwa hiyo usitazame sura ya mhusika. Tazama anavyoruka, sikiliza muziki, angalia hatua zilivyopangwa. Wachakachuaji walibadilisha picha na majina kwa sababu ni kazi rahisi, wakaacha mwendo wa gemu kama ulivyokuwa.

Lakini si kila Mario wa ajabu ni wa kupachikwa. Somari, ya mwaka 1994, ina Mario anayekimbia katika hatua za Sonic, gemu ya kampuni pinzani ya Sega, na Sega wenyewe hawakuwahi kuitoa Sonic kwenye Famicom. Mtu alikaa akaiandika upya, kwa mashine dhaifu kuliko ile ya awali. Mimi kazi ya namna hiyo naiheshimu, hata kama haki haikuombwa.

"Imeandikwa 1985, basi kaseti ni ya 1985."

Huo ni mwaka wa gemu. Kaseti yenyewe huenda ilitengenezwa miaka ishirini baadaye. Ukitaka umri wake, ifungue kwa bisibisi utafute namba za tarakimu nne juu ya chipu: 9321, kwa mfano, kwa kawaida ni wiki ya 21 ya mwaka 1993. Kaseti haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko chipu yake.

"Ukiona doa jeusi, ni feki."

Hili nalisikia kuliko yote, na ndilo linalopoteza watu wengi. Ukifungua kaseti hizi, mara nyingi hukuti chipu yenye miguu. Unakuta tone gumu jeusi kama lami iliyoganda. Chini yake kuna chipu tupu, iliyounganishwa moja kwa moja na ubao kwa nyaya nyembamba kuliko unywele, kisha ikafunikwa kwa epoksi isiguswe wala kuingia unyevu. Ni njia ya kupunguza gharama. Viwanda vya kopi viliipenda kwa sababu hiyo, lakini hata baadhi ya kaseti halali za Famicom, zilizotolewa na makampuni yenye leseni, zina madoa hayo. Doa linakwambia kaseti ilitengenezwa kwa bei nafuu. Halikwambii ilitengenezwa na nani.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mtu akikuta chipu yenye kidirisha cha kioo kilichofunikwa kwa stika, anashangilia kuwa amepata kaseti ya majaribio kutoka kiwandani. Hiyo ni EPROM, ambayo data yake hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Watengenezaji wa gemu walizitumia kwa majaribio, ni kweli, lakini hata waliotengeneza kopi chache chache walizitumia. Usiibandue stika hiyo. Ndiyo inayoikinga data.

"Haina leseni, kwa hiyo imeibwa."

Hapa ni haki kutenganisha. Micro Machines ya Codemasters, ya mwaka 1991, ilitoka bila leseni ya Nintendo, lakini gemu waliitengeneza wenyewe. Tetris ya kampuni ya Tengen, ya 1989, ni kisa kingine: nayo haikuwa na leseni, na mahakama ya Marekani iliizuia mwaka huohuo kwa sababu haki za Tetris kwenye mashine za nyumbani zilikuwa za Nintendo. Na kaseti yangu ya njano ni kundi la tatu kabisa, kopi ya gemu za watu wengine. Kuyaita yote "feki" ni kufuta historia tatu kwa neno moja.

"Haiingii kwenye NES, imeharibika."

NES ni toleo la Famicom lililouzwa Marekani na Ulaya. Kaseti ya Famicom ina pini 60, ya NES ina 72. Haikuumbwa kuingia humo. Nintendo wenyewe walilijua hilo: baadhi ya kaseti za mwanzo za gemu yao ya NES iitwayo Gyromite, za mwaka 1985, ukizifungua zina ubao wa Famicom uliochomekwa kwenye adapta. Na kama muziki unakwenda polepole, usikimbilie kusema gemu imechakachuliwa. TV zetu zilikuwa za PAL, mfumo wa picha 50 kwa sekunde, na gemu za Japani ziliandikwa kwa 60.

Na tafadhali, tuache kupuliza. Mate yana unyevu, na unyevu unakula pini. Tumia pamba ya masikio yenye spiriti safi, kisha uache ikauke.

Baada ya kusafisha, yangu iliwaka. Menyu inahesabu maelfu, ila nilipopitia kwa subira niliona gemu tano tu zinazojirudia kwa majina tofauti, nyingine zikianzia hatua za mbele: Super Mario Bros., Battle City, Galaxian, Road Fighter na Duck Hunt. Zote zilitoka kwenye Famicom mwaka 1984 na 1985, na zote ni ndogo. Super Mario Bros. nzima ni kilobaiti 40. Hatua inayofuata ni kuisoma kwa kifaa cha kunakilia data na kulinganisha alama yake ya CRC32, namba inayokokotolewa kutoka kwenye data yenyewe, na orodha za No-Intro, kundi linaloorodhesha nakala sahihi za gemu, nione kama kuna mtu amekwisha kuihifadhi. Duck Hunt peke yake sijaihakiki. Bastola yake hutegemea jinsi TV ya chogo inavyochora picha, na kwenye TV bapa bata hawapigiki hata kaseti ikiwa nzima. Natafuta TV ya chogo.