Jina la msanii halipandishi bei ya shamba

Mimi ni mthamini wa ardhi, na mwezi uliopita mteja mmoja alinipeleka kukagua shamba lake la ekari 5 upande wa Kerege, wilayani Bagamoyo, na kabla hatujalifikia hata jiwe la kwanza la mpaka alikuwa amekwisha kunionyesha kwenye simu yake picha ya ukuta wa msanii aliyenunua eneo kubwa nusu kilomita kutoka hapo. Alitaka ripoti yangu itaje bei mara tatu ya ile aliyolipwa jirani yake miezi minane nyuma, na hoja yake ilikuwa moja tu: "Mzee, hapa sasa ni kwa mastaa." Kauli hiyo nimeisikia kwa wauzaji, kwa madalali na kwa vijana wanaosimamia fedha za ndugu walio ughaibuni, na karibu kila mara huegemezwa kwenye mfano wa Neverland, ranchi ya mwanamuziki Michael Jackson. Kwa kuwa mfano wameuchagua wenyewe, nitawajibu kwa huohuo.

Dhana inasema kwamba mali ikishakuwa ya mwanamuziki maarufu, thamani yake hupanda na haishuki tena. Jackson alinunua ranchi hiyo mwaka 1988 katika bonde la Santa Ynez, California, karibu na mji mdogo wa Los Olivos. Ilikuwa na takriban ekari 2,700, na bei zilizoripotiwa ni kati ya dola milioni 17 na milioni 30. Akaijengea reli na stesheni yake, makazi ya wanyamapori na uwanja wa michezo wa bembea za umeme. Mwaka 2015 ilitangazwa kuuzwa kwa dola milioni 100, na hiyo ndiyo tarakimu ambayo kila mteja wangu anaikumbuka. Yaliyofuata hakuna anayeyataja: mwaka 2017 bei ilishushwa hadi dola milioni 67, mwaka 2019 hadi milioni 31, na Desemba 2020 bilionea Ron Burkle akaichukua kwa takriban dola milioni 22. Ukizingatia kupanda kwa gharama za maisha katika miaka hiyo 32, mnunuzi huyo alilipa pungufu ya alicholipa Jackson, hata ukichukua makadirio ya chini kabisa ya mwaka 1988.

Iweje? Kwanza, bei ya tangazo ni matakwa ya muuzaji. Thamani ya soko ni kile ambacho mnunuzi aliye tayari angemlipa muuzaji aliye tayari, wote wawili wakiwa na taarifa za kutosha na hakuna aliyesukumwa na shida, na kiasi hicho hujulikana pale fedha zinapohama mkono, si pale bango linapotundikwa. Pili, gharama si thamani. Kila dola iliyotumika kutandaza reli ile ilikuwa gharama halisi kwa Jackson, lakini kwa mfugaji wa Santa Ynez au tajiri anayetafuta utulivu wa shamba, reli ni chuma cha kutunzwa au cha kung'olewa. Ndivyo ilivyo kwa bwawa lenye umbo la gitaa na studio isiyo na dirisha: aliyejenga alijijengea mwenyewe. Tatu, wanunuzi wa ekari 2,700 zilizo mbali na jiji kubwa ni wachache mno, na soko lenye wanunuzi wachache humtesa muuzaji. Nne, jina nalo lina uzito wake mbaya. Mwaka 2005 mahakama ilimwachia huru Jackson dhidi ya mashtaka ya kumdhalilisha mtoto kingono, lakini tuhuma ziliendelea kuiandama mali ile, kiasi kwamba ilipoingizwa sokoni ilitangazwa kwa jina lake la zamani, Sycamore Valley Ranch. Ningependa kila anayenitajia Neverland alifikirie jambo hilo: waliokuwa wakiiuza waliona heri waliweke pembeni jina ambalo yeye anaamini lingewatajirisha.

Hapo wengine hukimbilia Graceland, na hao nawasikiliza kwa makini zaidi kwa sababu wamegusa jambo la kweli. Mwanamuziki Elvis Presley alinunua nyumba hiyo ya Memphis, Marekani, yenye karibu ekari 14, mwaka 1957 kwa dola 102,500. Baada ya kifo chake mwaka 1977, gharama za utunzaji na kodi ziliwaelemea warithi, nao mwaka 1982 wakaifungulia umma. Leo watu hulipa kiingilio ili wapite sebuleni mwake na kusimama mbele ya kaburi lake. Kwa hiyo jina lina thamani pale lilipogeuzwa biashara yenye tiketi, wafanyakazi na hesabu za kila mwaka, na mthamini anayepewa kazi ya namna hiyo huthamini mapato yake. Faida hiyo haivuki ukuta na kuingia kwa jirani kwa sababu tu anaishi jirani. Msanii akivuta umeme wa njia tatu, akachonga barabara inayopitika mwaka mzima au akaleta maji, hapo shamba la jirani hupanda kweli, lakini kilichopandisha ni barabara, umeme na maji.

Kule Kerege niliangalia vitu hivyohivyo. Barabara ilikuwa ya udongo, imekatwa na maji katika sehemu mbili, jiwe moja la mpaka halikuonekana, na mauzo matatu yaliyokamilika ndani ya mwaka mmoja yalikaribiana sana kwa bei. Ripoti yangu iliyafuata mauzo hayo.

Dhana nyingine nazijibu kwa ufupi. Kwamba mastaa hununua kwa fedha taslimu na hawadaiwi: Neverland iliwekwa rehani, mkopo wa takriban dola milioni 24 ukashindwa kulipwa, na mwaka 2008 umiliki ukahamishiwa kampuni ya ubia kati ya Jackson na kampuni ya uwekezaji iliyokuwa imeununua mkopo huo. Alipofariki mwaka uliofuata hakuwa tena mmiliki pekee.

Kwamba ukishalipa, ardhi ni yako ufanye utakavyo: mwanamuziki Shania Twain na mumewe wa wakati huo, Robert Lange, walipochukua zaidi ya hekta 24,000 huko New Zealand mwaka 2004, walichopata kwa sehemu kubwa kilikuwa upangaji wa muda mrefu wa ardhi ya malisho ya serikali, tena baada ya kuidhinishwa na mamlaka ya uwekezaji wa wageni kwa masharti, mojawapo likiwa kuruhusu umma upite. Leo wapanda milima hupita humo kwa miguu kati ya Wanaka na Arrowtown. Anayeshangaa hilo asome hati yake mwenyewe. Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, tunachopewa ni haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99 kwa hati ya serikali kuu, nayo ina masharti ya uendelezaji na kodi ya pango. Asiye raia hupata haki kwa ajili ya uwekezaji tu, kwa hiyo msanii wa nje anayesemekana "kanunua kijiji" ama ana karatasi za uwekezaji, ama hana kitu.

Kwamba shamba kubwa hujilipia lenyewe: ekari zisizozalisha hula mshahara wa mlinzi, uzio, kufyeka na pango, mwezi baada ya mwezi. Ushauri wangu, ambao wateja wangu wameuzoea, ni kwamba usilipe hata malipo ya awali kabla hujalikanyaga shamba mwezi Aprili, mvua za masika zikinyesha, ukiwa na mpima ardhi na mtu mmoja aliyezaliwa kijijini hapo, kwa sababu mkondo wa maji ambao Septemba hauonekani huwa hapo umefika magotini.