Bia si tembo

Kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Mambrui kuna kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu «Bia ya nazi, baridi», na siku niliyosimama kukisoma, mgema mwenyewe alikuwa ameketi chini yake, kotama, kisu chake cha kugemea, imening'inia kiunoni, akingoja jua lipungue apate kupanda tena. Nilimwuliza kama ni yeye aliyekiandika. Akacheka. «Hayo ni ya vijana, mwanangu. Mimi bia siijui, mimi nagema.» Anachogema ni tembo, yaani utomvu wa mnazi uliochachuka, na kwa kuwa jina hilo la bia nimelisikia likipewa tembo pia vinywani mwa wanaowatembeza wageni, na hata kwa watu waliozaliwa chini ya minazi, naona afadhali neno lenyewe lielezwe.

Bia ni kinywaji chenye kileo kitokanacho na nafaka iliyochachushwa, hasa shayiri iliyokwisha kuoteshwa ikawa kimea, na kwa kawaida hutiwa hopsi, yaani maua ya mmea utambaao ambayo ndiyo yaletayo ule uchungu. Si jina la kila kinacholewesha. Jina hilo tunalo, nalo ni pombe.

Neno limetujia kutoka Kiingereza, na ushahidi umo katika sauti iliyokosekana. Waingereza wengi hawaitamki r ya mwisho katika beer, kama wasivyoitamka katika bar, nasi tukapata bia na baa kwa njia moja (kwamba baa kwetu lilikwisha kuwa jina la balaa, hilo wenye nyumba zao wanalijua). Lau tungelipokea kwa Waitaliano waliojaa hapa Malindi, ambao husema birra, huenda leo tungesema bira. Wareno walitangulia kufika pwani hii, mwaka 1498, na lugha yao ikatuachia mvinyo, lakini cerveja yao haikushika. Neno hilo la Kireno, pamoja na cerveza la Kihispania, asili yake ni Kilatini, nacho kililipata kwa Wagali, watu wa kale wa nchi iitwayo leo Ufaransa. Birra yenyewe Waitaliano waliitoa kwa Wajerumani. Nyuma ya hapo wanaisimu hawapatani: wako wanaolirudisha neno la Kijerumani na la Kiingereza kwenye kitenzi cha Kilatini bibere, kunywa, na wako wanaolifunga na jina la kale la shayiri. Hata Waingereza nao walikuwa na ugomvi kama wangu, maana katika karne ya 15 ale kwao ilikuwa ile isiyo na hopsi, na beer ile yenye hopsi iliyoingia kutoka nchi za Uholanzi na jirani zake. Baadaye majina yakachanganyika.

Sasa turudi mnazini. Nafaka haina sukari ya kutosha kuchachuka yenyewe, ina wanga, na ndiyo sababu ya kuiotesha: mbegu inapochipua huanza kuuvunja wanga huo uwe sukari, kisha hamira ikapata cha kula. Tembo halihitaji lolote katika hayo. Mgema hulikata karara changa lisilofunguka, yaani ala yenye maua ya mnazi ndani yake, akalifunga, akawa analichonga ncha asubuhi na jioni, na utomvu unaodondoka kibuyuni umeshakuwa mtamu tangu juu. Hamira ya hewani na ya kibuyuni huushika papo hapo. Ukiuchemsha ungali mbichi unapata asali ya tembo, ukiuacha ulale unakuwa mkali, ukiusahau unakuwa siki. Hakuna kimea, hakuna hopsi, na nazi pia haimo, kwa sababu kole lililogemwa, yaani shada ambalo lingebeba nazi, halizai. Kwa hiyo «bia ya nazi» ni jina lenye maneno mawili ya maana, na yote mawili yamekosea. Kama lazima tutafute ndugu wa bia hapa nchini, aliye karibu zaidi ni busaa ya magharibi mwa Kenya, yenye unga wa mahindi na kimea cha wimbi.

Nakiri kwamba majina yetu nayo yana mitego. Wagiriama hukiita kinywaji hiki uchi, na Mswahili mgeni akialikwa uchi hushtuka kwanza. Tembo nalo, kwa wasemao ndovu kama sisi, halina mkonga. Ila bara ni mnyama, na chupa ya bia inayojulikana kuliko zote Kenya imechorwa mnyama huyohuyo, ilhali Tanzania wanayo bia iitwayo Ndovu. Ndovu basi ni bia, tembo si bia.

Na lipo bia jingine, letu, ambalo halihusiani kabisa na chupa. Wazee wakisema wamekula bia, wamechanga: huyu katoa pesa ya samaki, yule ya mchele, wakala pamoja. Humo ndimo mnamotoka mbia na ubia. Nimemwona kijana akimtazama babu yake kwa mshangao baada ya kumsikia akisimulia, nje ya msikiti, jinsi walivyokula bia na imamu.

Kijana wa kibao hana haja ya kununua rangi nyingi. Afute maneno matatu ya mwanzo, aandike «Tembo la mnazi», na «baridi» aliache palepale, kama kweli ana barafu.