Mwelekezi wa msanii si mwalimu wa kuchora: dhana potofu na ukweli wake

Mtu anayejua kuchora, kuchonga au kufinyanga akiamua kumtafuta mwelekezi wa kukaa naye wawili tu, mara nyingi huenda na picha ya darasa kichwani. Hapo ndipo vikao vya mwanzo huharibikia.

Dhana: Atanifundisha kuchora vizuri zaidi.

Kuchanganya rangi, kupima uwiano wa mwili, kuwamba turubai: hayo ni ya mwalimu. Mwelekezi anashika pale mwalimu alipoachia. Nichore nini, kwa nini hiki na si kile, na kwa nini kila mfululizo wangu hufia kwenye picha ya nne? Kama tatizo lako ni vidole visivyokaa sawa, mwelekezi mkweli atakurudisha kwa mwalimu kikao cha kwanza.

Dhana: Kikao ni hukumu, kazi nzuri au mbaya.

"Unaionaje?" ni swali linaloua kikao. Jibu lake ni "nzuri" au "hapana", na hakuna kati ya hayo linalokupa la kufanya kesho asubuhi. Wapo waelekezi wanaofuata utaratibu uliobuniwa mwaka 1990 na Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani. Una hatua 4. Kwanza mtazamaji anataja kilichomgusa katika kazi. Pili msanii ndiye anayeuliza. Tatu mtazamaji anauliza, lakini maswali yasiyobeba hukumu: si "mbona kona hii ni giza hivi?" bali "ulitaka jicho lifanye nini likifika kwenye kona hii?" Maoni huja mwisho, tena msanii akikubali kuyasikia. Ni mzunguko mrefu, lakini una sababu: maoni yakitangulia, msanii huanza kujitetea, na anayejitetea hasikii.

Kikao cha dakika 90 hugawanyika vizuri hivi: dakika 10 za kutazama kimya, 40 za utaratibu huo juu ya kazi 2 au 3 (ya nne hupata makombo), 25 za kuzungumzia namna unavyofanya kazi siku kwa siku, na 15 za kuandika majukumu. Majukumu 2 yanatosha. Yakifika 5 hakuna litakalofanywa.

Dhana: Nipeleke kazi zangu bora tu.

Kazi iliyofaulu huficha njia iliyopitiwa. Peleka kazi 8 hadi 12, zikiwemo 3 zilizokushinda na moja ambayo haijakwisha, pamoja na daftari la michoro ya awali. Makosa yanayojirudia huonekana kwenye zile zilizoshindikana: pengine kila picha uliyoitelekeza ulianzia usoni, ukauremba uso hadi ukamilike, kisha mandharinyuma yakakosa pa kukaa.

Mkikutana kwa video, picha mbovu hupoteza kikao kizima. Piga mchana karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, taa za ndani zikiwa zimezimwa, kwa sababu mwanga wa aina mbili huchafua rangi. Lenzi ielekee katikati ya kazi, kamera ikiwa sambamba nayo, la sivyo kingo huinama. Weka karatasi nyeupe pembeni, mwelekezi apate cha kulinganishia weupe. Kama rangi ni nene, au ni mchongo, ongeza picha moja yenye mwanga wa kutoka ubavuni. Andika vipimo pia: kazi ya sentimita 20 na ya mita 2 zinalingana kwenye skrini, na hapo ushauri hupotea njia.

Dhana: Nitaishia kufanana naye.

Hofu hii ina msingi, ila si pale watu wanapodhani. Mchoraji Camille Pissarro alifanya kazi bega kwa bega na mchoraji mwenzake Paul Cézanne miaka ya 1870, na baadaye akamwongoza Paul Gauguin. Nani leo atachanganya picha za Cézanne na za Gauguin? Hatari huanza mwelekezi anaposhika brashi yako, au anapopanga hatua kabla ya kukuuliza. Vincent van Gogh alianza kujifunza rangi za maji na za mafuta kwa mchoraji Anton Mauve mwishoni mwa 1881. Mwaka uliofuata uhusiano ukavunjika, sababu moja ya ugomvi ikiwa Mauve kumtaka achore sanamu za plasta, naye akitaka watu hai. Zoezi lenyewe lilikuwa la kawaida enzi hizo. Kilichokosekana ni makubaliano.

Dhana: Nikikwama, ninachohitaji ni hamasa.

Mara nyingi unahitaji mipaka. Jukumu linalozaa matunda ni hili: kazi ndogo 12 kwa wiki 3, ukubwa mmoja, rangi 2 na nyeupe, dakika 40 kila moja, saa ikilia unaacha. Hakuna kurekebisha wala kutupa. Zote zibandikwe ukutani kwa mpangilio wa tarehe. Za mwanzo huwa mazoea matupu, na wengi hukata tamaa katikati, mazoea yakiwa yamekwisha na kipya hakijaja.

Dhana: Vikao vikiwa vingi ndivyo nitakavyoendelea haraka.

Kukutana kila wiki ni kujadili kazi ambayo haijafanywa. Acheni wiki 3 hadi 4 katikati, na baada ya vikao 6 mpime kama kuna haja ya kuendelea.

Dhana: Atanitafutia wanunuzi.

Mwenye nyumba ya sanaa hukata asilimia ya mauzo, mara nyingi hadi nusu, kwa kuwa kuuza ndiyo kazi yake. Mwelekezi hulipwa kwa kikao. Akianza kudai sehemu ya mauzo, kila anachosema kuhusu kazi ipi iendelee na ipi iachwe kinakuwa na maslahi yake ndani. Malipo, idadi ya vikao, masharti ya kuahirisha, na nani anaruhusiwa kuonyeshwa picha za kazi ambazo hazijakamilika, vyote viandikwe kabla ya kikao cha kwanza.