Moyo Hauhami kwa Siku Moja: Dhana Potofu Kuhusu Mapenzi ya Watu Wazima

Dhana: Ukipenda kwa dhati, moyo wote unahamia kwa mwenzako papo hapo.

Moyo huhama kwa mafungu. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza kwamba kinachomfunga mtoto kwa mlezi wake ndicho kinachowafunga wapenzi. Mtu wa karibu ana kazi nne: unatamani kuwa naye, unamkimbilia ukiumia, unateseka akiwa mbali, na kwa kuwa yupo unapata ujasiri wa kwenda kupambana na maisha. Ile ya kwanza huwaendea marafiki na wapenzi mapema, tangu utotoni na ujanani. Ya mwisho hubaki kwa wazazi muda mrefu. Hazan na Debra Zeifman walionyesha mwaka 1994 kwamba kwa kawaida mpenzi hushika zote nne baada ya kama miaka miwili.

Kwa hiyo, mchumba wa miezi minne akifukuzwa kazi saa tano asubuhi na simu ya kwanza akampigia dada yake, usinune. Hajakudharau. Fungu hilo halijafika kwako bado.

Dhana: Mume anayempigia mama yake kila siku hajakua.

Mzazi hatoki moyoni mtoto akioa, hushuka ngazi tu. Kupiga simu hakuna kosa. Shida huanza pale mama mkwe anapojua habari ya kiwanja au ada ya shule kabla ya mke. Habari za nyumba zianzie chumbani, kisha ziende kwa wazee.

Dhana: Moyo ukiacha kwenda mbio, mapenzi yamekwisha.

Hii ndiyo inayovunja nyumba nyingi bila sababu. Ule moto wa mwanzo, wa kukosa usingizi na hamu ya kula, hauwezi kudumu kwa kiwango kile. Unapopungua, kazi nyingine inakuwa imeanza: mwenzako anautuliza mwili wako. Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Coan na wenzake walipima ubongo wa wanawake 16 walioolewa, wakiwa wametishwa kwamba huenda wakapigwa shoti ndogo ya umeme. Waliposhika mkono wa mume, sehemu za ubongo zinazoshughulikia hatari zilitulia. Mkono wa mtu baki ulisaidia kidogo tu, na wenye ndoa nzuri zaidi ndio waliotulia zaidi.

Utulivu huo hauna kelele, ndiyo maana wengi hawauoni mpaka mwenzao asafiri wiki mbili, kitanda kiwe kikubwa na usingizi ugome. Anayelinganisha mwaka wa nane wa ndoa na mwezi wa pili wa mchepuko analinganisha vitu viwili tofauti.

Dhana: Ulivyolelewa ndivyo utakavyopenda mpaka kufa.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizifuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akaona jinsi mtoto anavyomtumia mama kama kituo: anatambaa kwenda kuchunguza vitu, kisha anarudi. Malezi huacha alama, hilo ni kweli. Lakini mtu mzima hubadilika akipata mwenzi wa kuaminika, na anaweza kuharibika akisalitiwa.

Kinachobadilisha ni mambo madogo yasiyokosekana. Ukisema utapiga saa mbili usiku, piga saa mbili. Ukichelewa, sema kabla muda haujapita.

Palipo na ugomvi, kawaida mmoja hupiga simu mara kumi na mwingine huizima. Kila simu inamfukuza anayezima, na kila kuzima kunamtia hofu anayepiga. Anayetaka kuondoka aseme atarudi saa ngapi: "Nahitaji nusu saa, saa tatu tutaongea." Dakika 20 ni za chini kabisa, maana mwili uliopandwa na hasira hautulii haraka. Anayebaki aweke simu chini. Saa tatu ikifika, aliyeondoka ndiye aanze kuongea.