Kukomaa: mashabiki wanamaanisha nini wanaposema "dogo kakomaa"

Ukikaa jukwaani Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, dakika tisini haziishi hujalisikia neno hili. Timu ikibanwa, mtu anasimama na kupaza sauti: "Komaeni!" Mchezaji akipokonywa mpira, akaukimbilia mpaka akaurudisha, jirani yako anatikisa kichwa na kusema taratibu, "Dogo kakomaa." Neno ni moja, ila la kwanza ni ombi na la pili ni sifa. Kwangu mimi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Kipaji kila mtu anakiona kwa macho. Kukomaa kunaonekana siku mambo yameharibika.

Neno limetoka shambani. Embe hukomaa kwanza, kisha ndiyo huiva. Likishakomaa bado ni gumu na la kijani, lakini ukilichuma na kulivundika, litaiva. Lililochumwa changa litasinyaa. Zabibu, ambazo ndizo zilizowapa timu yetu ya Dodoma Jiji jina la Walima Zabibu, hazina hata nafasi hiyo: ukizikata kabla ya wakati wake, haziivi tena. Kwa hiyo anayesema mchezaji kakomaa hazungumzii umri. Wapo wa miaka thelathini ambao bado ni wachanga. Anasema kwamba ndani ya mtu huyu kuna kitu kimeshashikamana, hata ukimfungia kwenye joto na giza hataoza.

Kipimo chake ni kosa. Niliwahi kuliona jambo hili kwa karibu kwenye mechi ya ndondo, mpira wa mtaani, kule Nkuhungu hapa Dodoma, mwezi wa saba, upepo ukipeperusha vumbi uwanja mzima. Beki wa kushoto, kijana mwembamba mwenye soksi za rangi mbili tofauti, alimrudishia golikipa wake pasi fupi. Mshambuliaji akaiwahi, bao. Watu wakamzomea, mmoja akawa anamtaka kocha amtoe. Nilikuwa karibu na mstari, nikamwona anafuta vumbi mdomoni kwa kola ya jezi. Mpira ulipoanza tena na kumfikia golikipa, kijana akasogea mahali pa wazi, akanyoosha kidole chini miguuni pake: nipe hapa. Akapewa. Akaugusa mara mbili, akatoa pasi fupi, aina ileile iliyomponza. Zomeazomea ikakatika. Mzee mmoja aliyekalia ndoo akasema, "Huyo ana moyo."

Asiyekomaa, baada ya kosa kama lile, hujificha. Anakimbia sana, anapiga makofi, anahimiza wenzake, lakini ukitazama vizuri kila mara amesimama nyuma ya mpinzani, mahali ambapo hawezi kupewa pasi. Mashabiki wa mchangani wanalijua hilo kuliko wanavyodhaniwa. Ndiyo maana humsamehe haraka aliyekosea akaomba mpira, na humsema msimu mzima aliyejificha.

Mfano ninaoupenda ni wa Asamoah Gyan, mshambuliaji wa Ghana. Julai 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia kule Johannesburg, Ghana na Uruguay wamefungana bao moja kwa moja. Dakika za nyongeza zinakwisha, Luis Suárez wa Uruguay anauzuia mpira kwa mkono kwenye mstari wa goli. Penalti. Gyan akifunga, Ghana inakuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Akagonga mwamba. Dakika chache baadaye zikaja penalti za kuamua mshindi, na mpigaji wa kwanza wa Ghana akawa Gyan huyohuyo. Akafunga. Ghana ilitolewa, lakini ile safari ya kutoka katikati ya uwanja mpaka kwenye alama ya penalti ndiyo ninayoielewa ninaposikia neno kukomaa.

Kubishana na refa hakumo humu. Wala rafu, wala kutembea kifua mbele.

Hata kundi zima hukomaa. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, timu ikirudi kutoka Ruangwa ilikocheza na Namungo. Wachezaji waliumia, mechi yao na Simba ikaahirishwa, kisha wakarudi kumalizia ligi. Kupanda tena basi baada ya ajali, kwa safari ndefu za ligi yetu, hakupewi pointi kwenye msimamo, lakini kunastahili heshima.

Hapo ndipo naomba mashabiki wenzangu tuwe waangalifu. Neno hili tunalitumia vibaya tunapomkemea "komaa!" mchezaji aliyegongwa kichwa na kuinuka akiyumba, au anayechechemea akitazama benchi. Huyo anahitaji daktari. Gyan mwenyewe, baada ya kukosa penalti nyingine kwenye nusu fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, mwaka 2012 dhidi ya Zambia, alijiweka kando na timu ya taifa kwa muda, na wapo waliomwita mwoga. Januari 2015, kwenye AFCON nyingine, alikuwa kapteni, akitoka kuugua malaria, alipoifungia Ghana bao pekee dhidi ya Algeria katika dakika za majeruhi.