Orodha ya Wapigakura Ipitie Kwanza Tawini

Kazi yangu ni kuchambua data za wapigakura kwa niaba ya vyama vya siasa, na viongozi huniuliza mara kwa mara kama takwimu zitawapa ushindi. Huwajibu kwamba takwimu humwonyesha mjumbe mlango wa kubisha hodi. Ya kusema mlango ukifunguliwa, chama chenyewe ndicho kinachopaswa kuwa nayo.

Biashara hii si ya jana, kwani Clem Whitaker na Leone Baxter walifungua kampuni yao ya kuendesha kampeni huko California mwaka 1933. Tofauti ni kwamba mshauri wa leo humtazama mpigakura mmoja mmoja. Katika jedwali langu kila mtu ana mstari wake wenye umri, eneo, chaguzi alizoshiriki, na mwishoni alama mbili kati ya 0 na 100: moja ya uwezekano wa kujitokeza siku ya kura, nyingine ya uwezekano wa kutuunga mkono. Mwenye 95 kotekote hatumsumbui, maana atakuja hata asipoitwa. Tunayemtafuta ni yule mwenye 90 ya kutuunga mkono na 40 tu ya kujitokeza.

Alama hizo hukosea. Niliwahi kumkabidhi katibu wa tawi orodha ya watu wa aina hiyo, akaipitia kwa kalamu mbele yangu huku akikata majina: huyu amehama, huyu ni marehemu, huyu alishasusia chama tangu kura za mchujo. Tangu siku hiyo siidhinishi orodha ambayo haijapita tawini.

Utafiti nao unaelekea huko huko. Mwaka 1998, Alan Gerber na Donald Green walifanya jaribio kwa wapigakura wapatao 30,000 mjini New Haven, Marekani, wakabaini kwamba kutembelewa nyumbani kuliwaongeza waliojitokeza, ilhali simu za kampeni hazikufua dafu. Hata hivyo vyama vingi bado hukimbilia ujumbe wa simu, kwa sababu kulea wanachama kunataka miaka.

Linalonikera zaidi ni ridhaa. Mwaka 2018 Facebook ilikadiria kwamba taarifa za watu hadi milioni 87 huenda ziliifikia Cambridge Analytica, kampuni ya kuchambua data za wapigakura kwa ajili ya kampeni, isivyostahili, na wengi wao hawakuwa wameulizwa lolote. Ndiyo maana chama kinaponiletea mkataba wa mshauri, kifungu cha kwanza ninachokitafuta ni kinachoeleza data zilipatikanaje, na baada ya uchaguzi zitabaki mikononi mwa nani.