Kipima Gesi Kinaposoma Sifuri Katikati ya Gesi

Vipima gesi vingi vya waokoaji hutambua gesi inayolipuka kwa kuiunguza juu ya kishanga cha moto kilicho ndani ya kihisi. Bila oksijeni hakuna kuungua. Kwa hiyo gesi ikijaa mno mahali hadi ikaisukuma hewa, namba hupanda ghafla, kisha hushuka, na huweza kukaribia sifuri. Aliyechelewa kutazama kioo ataona pako shwari, kumbe yumo ndani ya wingu la gesi.

Somo hilo huwezi kulifundisha kwa kufungulia mtungi wa gesi uwanjani, na ndiyo maana kuna vipima vya kuigiza. Kwa mkono na kwa macho ni kama vile halisi: uzito uleule, vitufe vilevile, king'ora kilekile. Havinusi chochote. Mkufunzi huficha chini ya bomba kisambaza mawimbi, ambayo kifaa huyasoma kana kwamba ni gesi, au hupandisha namba mwenyewe kutoka pembeni, na mwanafunzi husoma kadiri anavyosogea.

Hapo ndipo wakufunzi wengi tunapoharibu, kwa kumpigia mwanafunzi kelele: "Hapo soma 20!" Anazoea kusikiliza sauti ya mtu, hatazami kifaa. Hajiulizi hata hiyo 20 ni ya nini. Si asilimia 20 ya hewa yote. Ni asilimia 20 ya kiwango cha chini cha mlipuko, yaani kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kulipuka. Methani huanza kulipuka ikifika takriban asilimia 5 ya hewa, hivyo kioo kikisema 10, methani iliyopo ni nusu asilimia tu. Hiyo 10 ndiyo inayotumika sana kuamshia kengele ya kwanza.

Kingine ni ucheleweshaji. Kihisi halisi huchukua sekunde kadhaa kufikia namba kamili, na ukiunga mpira mrefu wa kunyonyea hewa unangoja zaidi. Kifaa cha kuigiza kinachojibu papo hapo kinafundisha watu kwenda mbio bila kungoja namba. Mimi ningechagua cha bei ndogo kinachochelewa kama halisi, kuliko cha kifahari chenye rangi kwenye kioo. Kipangwe pia kufuata kimo: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutafutwa mitaroni na sakafuni, methani hupanda darini.

Kuziba uvujaji nako kuna vifaa vyake vya mazoezi: mabomba yenye flanji (viungio vya mabomba vinavyokazwa kwa nati) zilizolegea, vali mbovu na mapipa yaliyotobolewa, yote yakipitisha maji au hewa iliyoshindiliwa. Mwanafunzi akikaza nati vibaya, analowa. Inatosha.

Vifaa vya kuigiza vipakwe rangi tofauti, viandikwe MAZOEZI na vifungiwe kabati lake. Vihesabiwe kabla gari la uokoaji halijarudi kazini, kwa sababu kikiachwa humo, kuna siku kitabebwa kwenye tukio la kweli.